Simu ya kaunta: mwongozo kwa mkutubi anayeanza kutumia mitandao ya kijamii

Agizo lenyewe huwa fupi: "Maktaba nayo iwe mtandaoni." Haliji na bajeti wala mafunzo, na aghalabu humwangukia mfanyakazi mdogo kuliko wote kwa kuwa tu ameonekana na simu mkononi. Kama limekuangukia wewe, endelea kusoma. Nimeandika nikiifikiria maktaba ya mkoa au ya wilaya hapa Tanzania, yenye kompyuta mbili tatu na intaneti ya kusuasua, lakini mwenzetu wa Kenya au wa maktaba ya shule ya sekondari atakuta mengi ya kwake pia.

Msimamo wangu nautaja mapema. Chombo chochote utakachofungua kiwe kinajibu swali ambalo wasomaji wameshakuuliza. Ukurasa unaofunguliwa kwa sababu taasisi za jirani nazo zinao haumalizi mwaka. Jina la maktaba linabaki pale, na chini yake salamu za Krismasi ya mwaka juzi.

Hatua ya kwanza: daftari la maswali

Weka daftari la kawaida kaunta. Kwa wiki nzima kila aliye zamu aandike maswali anayoulizwa, ya ana kwa ana na ya simu. Jina la muulizaji halihitajiki. "Leo mnafunga saa ngapi?" "Kujiunga ni shilingi ngapi, na picha ngapi?" "Kitabu cha Biolojia cha kidato cha tatu kipo au kimeazimwa?" "Naweza kuongeza muda bila kuja?" "Mitihani ya zamani mnayo?"

Wiki ikiisha yapange kwa kufanana, kazi ambayo umeizoea. Kutakuwa na yale ambayo jibu lake halibadiliki: saa za kazi, ada, masharti ya uanachama. Kutakuwa na yale yanayomtaka mtu anyanyuke aende kwenye rafu. Na kutakuwa na machache, lakini mazito, ya mtu anayetafuta habari za mji wenu, za shule kongwe au za kata fulani. Ya kwanza na ya pili utayamaliza kwa WhatsApp. Ya tatu yatakupeleka Wikipedia. Kama hakuna aliyeuliza jambo linalohitaji TikTok, usijisumbue na TikTok.

Namna ya kujifunza

Mwaka 2006 maktaba ya umma ya Charlotte na Mecklenburg, jimbo la North Carolina nchini Marekani, ilikabiliwa na hali hii hii. Helene Blowers, aliyekuwa msimamizi wa teknolojia pale, hakuwafungia wafanyakazi darasani. Aliwapa mambo 23 ya kujaribu wenyewe kwa wiki tisa: kufungua blogu, kuweka picha Flickr, kuorodhesha vitabu LibraryThing, kuhariri wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe huihariri) na mengineyo. Kila mmoja alikwenda kwa mwendo wake, na aliyemaliza alipewa kichezeshi cha MP3. Mpango ulitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, inayoruhusu wengine kuutumia, na maktaba za nchi nyingi zikauchukua na kuubadilisha zilivyotaka.

Baadhi ya vyombo vya orodha ile havipo tena. Delicious, waliyoitumia kuhifadhi viungo, iliacha kupokea viungo vipya 2017. Kwa hiyo wewe chukua ile njia ya kujaribu kwa mikono, orodha iache. Na kuanzia siku ya kwanza hifadhi picha na maandishi yako yote kwenye folda ya kompyuta ya ofisi kabla hujayapandisha popote. Mtandao ukifungwa, kazi yako ibaki nawe.

Jipe chombo kimoja kwa wiki mbili. Uwanja wa mazoezi uwe kundi la WhatsApp la wafanyakazi wawili watatu mnaoelewana: humo jaribu kufuta ujumbe, kubandika tangazo juu, kutuma picha ikiwa imebanwa na ikiwa haijabanwa, kisha uone bando limeliwa kiasi gani. Makosa yaishie humo.

Hatua ya pili: ruhusa, laini na mshika simu

Sehemu hii inachosha, lakini ikirukwa ndiyo inayoleta ugomvi baadaye. Omba ruhusa kwa maandishi, hata kama mkuu wako amekubali kwa mdomo. Barua itaje akaunti zipi zitafunguliwa, nani atazishika, na nani atakaimu akiwa likizo.

Usitumie laini yako. Omba laini isajiliwe kwa jina la taasisi, kwa sababu iliyosajiliwa kwa alama zako za vidole ni yako kisheria, na siku ukihamishiwa wilaya nyingine itakufuata, nayo namba ambayo wasomaji mia kadhaa wameshaihifadhi. Kama maktaba ina simu ya mezani, ijaribu kwanza: WhatsApp Business inakubali namba ya mezani, unachagua kupigiwa badala ya kutumiwa ujumbe, mashine inakutajia namba ya uthibitisho sikioni.

Barua pepe ya kufungulia akaunti iwe ya ofisi. Kisha, kabla hujatuma salamu hata moja, ingia Mipangilio uwashe uthibitisho wa hatua mbili na kuweka PIN ya tarakimu sita. Matapeli wanaoandika "samahani, kuna namba ya tarakimu sita imeingia kwako kimakosa, nitumie" hawabagui taasisi. Akaunti ya maktaba ikitekwa, wanaoombwa pesa ni wasomaji wako, na wataamini kwa sababu wanakuamini wewe.

Hatua ya tatu: WhatsApp Business

Programu hii ni ya bure na haikai na WhatsApp ya kawaida kwa namba moja. Iliundwa kwa wafanyabiashara, ila maktaba inaimudu vizuri. Jaza wasifu: jina kamili la maktaba, mtaa na alama ya kutambulisha ("mkabala na stendi ya zamani" humsaidia mtu kuliko namba ya kiwanja), saa za kazi, barua pepe. Picha iwe ya jengo au ya nembo, si ya kiongozi yeyote.

Halafu andika ujumbe wa kukaribisha. Huu hujituma kwa anayeandika mara ya kwanza, au aliyekaa wiki mbili bila mawasiliano. Uwe mfupi:

"Karibu Maktaba ya Mkoa. Anayekujibu ni mkutubi, tunajibu saa za kazi. Andika jina la kitabu au somo unalotafuta."

Sentensi ile ya mwisho usiiache. Bila hiyo watu huandika "mambo", wakajibiwa "poa, karibu", na asubuhi ikapita hivyo.

Sasa majibu ya haraka. Rudi kwenye daftari, chukua yale maswali ya jibu moja, kila moja uliandikie jibu na ulipe neno la mkato. Ukiandika mkwaju (/) na neno, kwa mfano /saa, jibu zima hujitokeza:

"Tunafungua Jumatatu hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumamosi hadi saa 8 mchana. Jumapili na sikukuu tunafunga."

Fanya hivyo kwa /ada, /kujiunga, /kuongeza. Jibu lote liwe ndani ya ujumbe. Kumtumia msomaji kiungo cha tovuti ili akajisomee ni kumrudisha mlangoni, kwa sababu wengi wana bando la mitandao ya kijamii tu, na tovuti haitafunguka.

Kuna na sehemu ya katalogi. Wafanyabiashara huweka bidhaa humo, wewe weka vitabu. Usijaribu kuingiza maktaba nzima: nafasi ni 500, na kazi hiyo ina programu yake. Kama mna Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, basi katalogi ya kweli ni ile, na hii ya WhatsApp ni dirisha la duka tu. Ingiza vitabu vipya na vile vinavyoulizwa kila siku. Mahali pa bei paache wazi, la sivyo kuna mtu atakuja na noti mkononi akitaka kununua.

Upigaji wa picha una adha yake. Vitabu vyetu vimevaa plastiki, na plastiki hurudisha mwanga. Zima mwako wa simu, kilaze kitabu mezani karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, simama upande ambao kivuli chako hakikifuniki. Piga jalada, kisha piga mgongo penye lebo ya namba. Picha hii ya mgongo wengi huiacha, nami naiona bora kuliko ya jalada: msomaji akifika na namba ya rafu ya mfumo wa Dewey, tuseme 496.392, kwenye simu yake anakwenda mwenyewe kwenye vitabu vya lugha ya Kiswahili, na ukimweleza mara moja kwamba fasihi yake iko kule 896.392, safari ijayo hakuulizi. Kwenye maelezo andika jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba ya rafu, na idadi ya nakala. Usiandike "kipo". Andika "ulizia kama kipo".

Mwisho wa hatua hii, chapisha msimbo wa QR wa akaunti, ubandike mlangoni na kwenye kadi za uanachama. Chini yake andika namba kwa tarakimu kubwa, kwa ajili ya mwenye simu ya kitochi. Huyo atapiga au atatuma ujumbe mfupi, na anastahili kujibiwa sawasawa na wengine.

Hatua ya nne: kundi, chaneli au stetasi

Hapa naona wenzangu wengi wakikimbilia kundi. Usifanye hivyo. Kwenye kundi namba ya kila mwanachama inaonwa na wote, na kwenye maktaba ya umma humo mna mabinti wa sekondari na watu wazima wasiowajua. Hata ukifunga kundi ili wasimamizi tu waandike, namba bado zinaonekana. Na usipolifunga, ndani ya mwezi litajaa matangazo ya mikopo na video za maombi, nawe utakuwa mlinzi wa zamu ya usiku.

Chaneli za WhatsApp, zilizoanza kuenea 2023, zinafaa zaidi kwa matangazo. Wafuasi hawaonani namba, wala hawaioni ya kwako, na hakuna anayeweza kuandika isipokuwa nyinyi. Tumia chaneli kwa vitabu vipya, siku za kufunga, saa ya hadithi kwa watoto. Mara mbili kwa wiki inatosha. Stetasi nayo ni nzuri kwa jambo la leo leo, kama umeme kukatika, kwa sababu hufutika baada ya saa 24, lakini humfikia aliyehifadhi namba yako tu, nawe ukiwa umehifadhi yake.

Kundi lifungulie kikundi kidogo chenye jambo mahsusi na wanaojuana tayari, mfano walimu wanaosimamia maktaba za shule za wilaya yenu. Kila anayeingizwa aulizwe kwanza.

"Naomba PDF"

Ombi hili litakuja, tena kila siku, kwa hiyo liandalie jibu. Kukipiga picha kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa na kukisambaza hakukubaliki chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na kufanywa na taasisi ya serikali kunalifanya liwe baya zaidi. Jalada na ukurasa wa yaliyomo vinamtosha mtu kujua kama safari ya kuja inafaa.

Lakini mkutubi haishii kwenye hapana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Mitihani ya miaka iliyopita imo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Hadithi za watoto, nyingi zikiwa za Kiswahili na zenye leseni huria ya kunakili na kuchapisha, ziko African Storybook. Tengeneza jibu la haraka, /pdf, lenye vyanzo hivi na maelezo ya mstari mmoja kwa kila kimoja. Hapa kiungo hakiepukiki, kwa hiyo mwalike asiye na bando aje kupakua kwenye kompyuta zenu.

Facebook na Instagram

Nitapita haraka. Fungua ukurasa, si akaunti ya mtu iliyopewa jina la maktaba. Ukurasa unaweza kuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja, akaunti ya mtu haiwezi. Yale yale uliyoweka kwenye chaneli yanatosha humu, hasa picha za matukio. Maoni yajibiwe, hata ya lawama kuhusu vyoo au feni. Usifute lawama, futa matusi. Kama hakuna mtu wa kuingia kila siku, acha Instagram kwanza.

Hatua ya tano: Wikipedia

Hapa ndipo ninapoona mkutubi ana ujuzi ambao wengine mtandaoni hawana. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu 2003, na makala zake nyingi zinazohusu kata, wilaya na watu wa kwetu ni fupi na hazina marejeo. Vitabu vya kuzitegemeza vimo nyuma yako kwenye rafu.

Jisajili kwa akaunti yako binafsi. Akaunti ya pamoja yenye jina la taasisi haikubaliki, kila mhariri anajibeba. Anza na makala ya kata ilipo maktaba yenu. Ukikuta bado inataja idadi ya watu ya sensa ya 2012, umepata kazi ya kwanza. Chukua ripoti ya sensa ya 2022 ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, tafuta jedwali la mkoa wenu, tia kidole kwenye mstari wa kata yenu na unakili tarakimu kwa uangalifu, maana majina ya kata hufanana na jicho huruka mstari. Bonyeza Hariri, badilisha namba na mwaka, kisha mwishoni mwa sentensi hiyo weka rejeo: jina la ripoti, aliyechapisha, mwaka, ukurasa. Namba ya ukurasa usiiache, ndiyo inayomwezesha mtu wa Mtwara au wa Muscat kuhakiki.

Kabla ya kuhifadhi kuna kisanduku cha muhtasari wa ulichobadilisha. Andika wazi: "nimeweka idadi ya sensa ya 2022 na rejeo". Ukifanya hivi kati ya tarehe 15 Januari na 5 Februari, au kati ya 15 Mei na 5 Juni, ongeza #1Lib1Ref. Hiyo ni kampeni iliyoanza 2016 ya kuwaomba wakutubi duniani waongeze kila mmoja walau rejeo moja, na alama hiyo ndiyo inayohesabiwa.

Miiko ni michache. Usinakili aya za kitabu, eleza kwa maneno yako. Usipandishe tafsiri ya mashine bila kuisahihisha, wahariri wa Kiswahili wamechoka kuzisafisha. Makala inayohusu maktaba yako mwenyewe usiiandike kwa sifa. Kama ina kosa, liseme kwenye ukurasa wa majadiliano na mwingine alirekebishe. Na mabadiliko yako yakifutwa, usinune. Soma sababu kwenye historia ya ukurasa, mara nyingi ni rejeo lililokosa kitu.

Siri ya msomaji

Kaunta tumezoea kunyamaza: hatumwambii mtu jirani yake anasoma nini. Kwenye simu nidhamu hii hulegea kwa urahisi. Kanuni za maadili za IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, za 2012 zinatudai tulinde faragha ya msomaji, na hapa nchini sasa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Namba ya simu ni taarifa binafsi, na historia ya kuazima ni zaidi ya hapo.

Angalia ujumbe wa kukumbusha marejesho. Usiandike jina la kitabu. Simu za majumbani hushikwa na wengi, na kitabu kinaweza kuwa cha VVU, cha talaka au cha namna ya kuacha pombe. Andika hivi:

"Habari ndugu msomaji. Muda wa kitabu ulichoazima maktaba unakwisha Ijumaa tarehe 14. Ukitaka kuongezewa muda, jibu ONGEZA."

Utumwe kwa mtu mmoja mmoja. Kuorodhesha wadaiwa wa vitabu kwenye kundi au stetasi, kama baadhi ya watu wanavyopendekeza vikaoni, ni kuwafukuza wasirudi kabisa, na vitabu vyenu pia havitarudi.

Picha za watoto saa ya hadithi ziwe na kibali cha maandishi cha mzazi au mlezi. Bila kibali, piga kutoka nyuma, vichwa na vitabu vionekane, nyuso zisionekane. Na unapotuma skrinshoti ya swali zuri ulilojibu, ziba namba na jina kwa kipande cha rangi iliyojaa. Ule mchoro wa brashi nyepesi husomeka mtu akiongeza mwanga.

Jambo la mwisho hapa ni kompyuta ya kaunta. WhatsApp ikiunganishwa nayo, kila anayekaa pale anaona mazungumzo yote. Ingia Mipangilio, fungua vifaa vilivyounganishwa, ukate kila usichokitambua. Kompyuta wanazotumia wasomaji zisiunganishwe hata kwa dakika tano.

Makabidhiano

Fungua faili la karatasi, si la kompyuta tu. Humo ziwemo nakala ya barua ya ruhusa, orodha ya akaunti zote na barua pepe iliyozifungua, majina ya wasimamizi, majibu ya haraka yote yaliyochapishwa, na ratiba ya nani anajibu lini. Nywila na PIN zisiwe humo. Ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa saini juu ya gundi, kabatini kwa mkuu wa maktaba.

Simu ikipotea, piga kwa kampuni ya simu ili laini ifungwe, kisha irejeshwe kwa barua ya taasisi. Isajili upya kwenye simu nyingine, na PIN iliyo kwenye bahasha ndiyo itakayoombwa. Mshika simu akihama kituo, aondolewe kwenye usimamizi wa ukurasa na chaneli siku hiyo hiyo, PIN ibadilishwe, na bahasha mpya ifungwe mbele ya anayepokea.